Kano ya Kisigino: Kamba Tunayozeeka Nayo

Mbuzi akichinjwa kijijini, mchunaji humtundika kwa miguu ya nyuma. Hutafuta ile kamba nyeupe iliyo nyuma ya mguu. Hutoboa kwa kisu kati ya kamba hiyo na mfupa, hupitisha kijiti, kisha mbuzi huning'inizwa mtini. Mbuzi mzima, pamoja na matumbo yake, hubebwa na vitu viwili vyembamba kama kidole. Havikatiki. Ng'ombe machinjioni hutundikwa vivyo hivyo.

Kamba hiyo nyeupe huitwa kano. Wewe pia unayo. Kaa chini, ushike nyuma ya mguu wako, juu ya kisigino. Utagusa kitu kigumu kama kamba iliyokazwa. Sukuma vidole vya mguu chini, kisha vivute juu. Utaisikia ikisogea. Hiyo ni kano kubwa na yenye nguvu kuliko kano zote za mwili. Kwa mtu mzima urefu wake ni karibu sentimita 15. Madaktari huiita kano ya Achilles. Huyo ni shujaa wa hadithi za kale za Wagiriki, ambaye hakuweza kuuawa kwa silaha isipokuwa akipigwa kisiginoni. Sisi tutaiita kano ya kisigino.

Katika makala hii tutaeleza kano hiyo imeumbwaje, inafanya kazi gani, na kwa nini inabadilika mtu akizeeka. Tunaeleza kwa sababu watu wengi huja zahanati wakiwa wamechelewa. Wengine wamechuliwa mafuta wiki nzima juu ya kano iliyokatika. Wengine wameambiwa wakae tu kitandani, wakakaa mpaka miguu ikakataa kuwabeba.

SIYO KILA KITU NI MSHIPA

Katika maneno yetu ya kila siku tunasema "mshipa" kwa vitu vingi. Bomba la damu ni mshipa. Uzi unaopeleka habari kutoka kidoleni mpaka kwenye ubongo ni mshipa wa fahamu. Na mtu akiumia nyuma ya mguu husema "mshipa umestuka". Kuna mahali ambapo hata busha huitwa mshipa! Ndiyo maana mgonjwa akisema "naumwa mshipa", mganga humwomba aoneshe kwa kidole.

Kano si bomba la damu. Kazi yake si kupeleka habari. Kazi yake ni kuvuta. Upande mmoja imeshikamana na msuli, yaani ile nyama nyekundu. Upande wa pili imeshikamana na mfupa. Msuli hauwezi kusukuma kitu. Unaweza kujikunja na kuvuta tu. Msuli ukijikunja huvuta kano, na kano huvuta mfupa. Hapo ndipo mguu unapoinuka, mkono unapojikunja na jembe linapopanda juu.

Fanya jaribio dogo. Shika mkono wako wa kulia kwa mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko. Sasa chezesha vidole vya mkono wa kulia kama mtu anayepiga zumari. Utasikia nyama zinacheza karibu na kiwiko, mbali na vidole. Ndani ya vidole vyenyewe hamna misuli ya kuvikunja. Misuli hiyo imekaa huku nyuma mkononi na kwenye kiganja, na kano ndefu hupita kwenye kifundo cha mkono mpaka vidoleni. Kama misuli yote ingekaa vidoleni, vidole vingekuwa vinene kama mihogo. Nani angeweza kushika sindano?

Hapa tuseme neno moja kuhusu panga na kisu. Mtu akijikata kiganjani au kwenye kifundo cha mkono, usitazame damu peke yake. Mwambie akunje kila kidole, kimoja kimoja, kisha akinyoshe. Kidole kisichotii kina kano iliyokatika. Kidole kinachosogea lakini kwa maumivu makali au bila nguvu, huenda kano yake imekatika nusu. Ncha ya kano iliyokatika hujivuta ndani, kama kamba ya ndoo iliyokatika na kutumbukia kisimani. Kidonda cha juu kitafunga vizuri sana, lakini kidole hakitakunja tena. Mtu huyo afungwe kitambaa safi na apelekwe hospitali siku ileile. Kano iliyokatika leo huunganishwa kwa urahisi zaidi kuliko iliyokatika mwezi uliopita.

Sasa turudi kwenye kisigino.

IMESOKOTWA KAMA KATANI

Wakulima wa mkonge wa Tanga na Morogoro wataelewa sehemu hii upesi. Jani la mkonge likipondwa hutoa nyuzi. Uzi mmoja wa katani mtoto anaweza kuukata. Ukizisokota nyuzi nyingi pamoja unapata uzi mnene. Ukisokota nyuzi nene tatu unapata kamba inayoweza kufunga fahali.

Kano imeumbwa hivyo. Nyuzi zake ndogo kabisa hazionekani kwa macho. Zimetengenezwa kwa protini iitwayo kolajeni. Nyuzi hizo zimefungwa pamoja kuwa nyuzi kubwa zaidi, hizo zikafungwa kuwa mafungu, na mafungu yakafungwa pamoja kuwa kano. Zote zimelala upande mmoja, kuelekea mvuto. Kano ya kisigino hata imejisokota kidogo inaposhuka kutoka kwenye kigimbi kwenda kwenye mfupa, kama kamba ya fundi. Zaidi ya nusu ya uzito wa kano ni maji. Yamo katikati ya nyuzi na husaidia ziteleze.

Umewahi kunywa supu ya kongoro? Ikipoa huganda, na midomo hushikana. Ule ulimbo ni kolajeni ya kano na ngozi iliyoyeyuka kwa kuchemka.

Kuna jambo moja ambalo kamba ya katani haina. Ukiitazama kano kwa hadubini wakati imepumzika, nyuzi zake hazikunyooka. Zina mawimbi madogo, kama nywele zilizofumuliwa kutoka kwenye msuko. Kano ikianza kuvutwa, mawimbi hunyooka kwanza. Ndiyo maana mguu hauanzi kwa kishindo kila unapopiga hatua. Mawimbi yakisha nyooka, nyuzi zenyewe huanza kuvutika. Lakini hazivutiki sana. Tufikiri kano ingekuwa na urefu wa sentimita 100. Ikivutwa ikaongezeka kiasi cha sentimita 4, baadhi ya nyuzi huanza kuumia. Ikiongezeka kiasi cha sentimita 8 hadi 10 hukatika.

Ikiachiwa kabla ya kuumia, hurudi mahali pake kwa nguvu, kama mpira wa manati. Hiyo ndiyo kazi ya pili ya kano ya kisigino. Unapokimbia, mguu ukikanyaga chini kano huvutika na kuweka nguvu. Mguu ukiinuka, kano huirudisha karibu nguvu yote iliyowekwa. Kwa hiyo msuli hufanya kazi kidogo, na mtu haishiwi pumzi haraka. Bila kano za namna hii safari ya shamba la mbali ingetuchosha zaidi.

Mzigo wenyewe si mdogo. Mtu wa kilo 60 akikimbia, kano ya kisigino kimoja huvutwa kwa nguvu kama mara 6 ya uzito wake, au zaidi. Hizo ni zaidi ya kilo 360. Fikiri magunia matatu ya mahindi ya kilo 100 kila moja, na kiroba juu yake, yananing'inia kwenye kamba moja iliyo nyuma ya mguu wako. Kisha fikiri mzigo huo unakuja na kuondoka kwa kila hatua.

KAMBA YA UJANANI

Mama yeyote anajua kwamba nyama ya ndama huiva upesi, na nyama ya maksai aliyezeeka akilima huchemka tangu asubuhi mpaka jioni. Kuni zinakwisha na nyama bado inavutika kama raba. Sababu kubwa ni hiyo kolajeni. Mnyama akiwa mdogo, nyuzi zake hazijashikana sana. Miaka inavyopita, uzi hufungamana na uzi mwenzake kwa vifungo vingi visivyoyeyuka upesi.

Sisi nasi ni hivyo. Mtu anavyoongeza umri, maji ndani ya kano hupungua. Sukari iliyomo katika damu hujibandika polepole juu ya nyuzi na kuzigandisha pamoja. Kwa mwenye ugonjwa wa kisukari jambo hili hutokea haraka zaidi. Mafungu yaliyokuwa yakiteleza huanza kukwama. Wachunguzi wa Uingereza walipima kano za miguu ya farasi. Waliona kwamba katika farasi wazee mafungu ya nyuzi huteleza kidogo kuliko katika farasi vijana. Mafungu yasipoteleza, mzigo wote huangukia nyuzi zenyewe. Hapo uzi mmoja hukatika, kesho mwingine.

Lakini kwa nini mwili hautoi nyuzi za zamani na kuweka mpya, kama tunavyobadili makuti ya paa? Jibu la swali hili lilipatikana kwa njia ya ajabu. Kati ya mwaka 1955 na 1963 mataifa makubwa yalilipua mabomu mengi ya nyuklia kwa majaribio. Milipuko hiyo iliongeza hewani aina moja ya kaboni. Mimea ilivuta hewa hiyo. Watu na wanyama walikula mimea. Majaribio ya hewani yalipopunguzwa, kaboni hiyo nayo ikaanza kupungua mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo chakula cha kila mwaka kilikuwa na alama ya mwaka wake, kama mhuri wa posta.

Watafiti wa Denmark walichukua kano za kisigino za marehemu waliozaliwa kati ya mwaka 1945 na 1983. Wakausoma mhuri huo. Mwaka 2013 walitangaza walichoona. Kiini cha kano kilikuwa na alama ya miaka 17 ya kwanza ya maisha ya mtu. Baada ya hapo karibu hakikubadilishwa tena. Msuli wa mtu yuleyule ulikuwa umefanywa upya mara kwa mara, lakini kiini cha kano kilibaki kilekile.

Tafakari jambo hili, ndugu msomaji. Babu anayepita hapo njiani na mkongojo wake anatembelea kamba aliyoisokota alipokuwa kijana wa kuchunga mbuzi. Ndiyo iliyombeba shambani, mtoni na sokoni miaka yote hiyo.

Hata hivyo kano si kitu kilichokufa. Ina chembe hai chache zinazoitunza, kama mafundi wachache katika kiwanda kikubwa. Ina damu, ila ni kidogo. Sehemu yenye damu kidogo kabisa ni kiasi cha sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa wa kisigino, na hapo ndipo inapokatika mara nyingi. Mahali penye damu kidogo hupona polepole. Umri ukiongezeka, mafundi hao nao hupungua.

Tofauti ya umri huonekana wazi tukimtazama mtoto mchanga. Wako watoto wanaozaliwa na nyayo zilizopinda kuelekea ndani. Ugonjwa huu huitwa miguu kifundo. Njia inayotumika sana kuutibu ilianzishwa na Daktari Ignacio Ponseti huko Marekani. Mtoto hunyooshwa mguu kidogo kidogo na kufungwa plasta, wiki hadi wiki. Mwishoni, kwa watoto wengi, daktari huikata kabisa kano ya kisigino kwa kisu kidogo sana, kisha hufunga plasta ya mwisho kwa wiki 3. Wazazi husikia hofu, na si ajabu. Lakini plasta ikifunguliwa, kano imeshajiunga yenyewe, tena kwa urefu unaofaa. Kano hiyohiyo ikikatika kwa mtu mzima, kupona huchukua miezi mingi. Wengine hufika mwaka mzima kabla ya kupata tena nguvu zao. Kwa hiyo mwenye mtoto wa miguu kifundo asingoje mtoto akue. Ampeleke hospitali katika wiki za kwanza.

KISHINDO NYUMA YA MGUU

Wanaokatika kano ya kisigino si wazee peke yao. Mara nyingi ni wanaume wa miaka 30 hadi 50. Siku ya sikukuu hupangwa mechi ya waliooa na wasiooa. Mume wa watu hajakimbia tangu sikukuu iliyopita. Anaona mpira, anakumbuka ujana, anaruka. Kano ambayo mwaka mzima ilizoea mwendo wa pole inapata mzigo wa magunia yale kwa ghafula.

Mzee mmoja alikuja zahanati kwetu baada ya kuruka mfereji wa maji. Alisema alisikia "pa!" nyuma ya mguu, akageuka kumtafuta mtoto aliyempiga jiwe. Hapakuwa na mtoto. Wengi waliokatika kano husimulia maneno hayohayo. Mzee huyu alichuliwa kwa mafuta wiki 3. Nyumbani waliamini mshipa umestuka tu, kwa sababu aliweza kutembea kwa kuchechemea. Hilo huwadanganya watu wengi. Iko misuli mingine inayosaidia mguu kusogea, kwa hiyo kutembea hakuoneshi kwamba kano ni nzima. Tulimpeleka hospitali ya wilaya. Alitibiwa, lakini matibabu yalikuwa marefu kuliko kama angekuja siku ya kwanza, na hata sasa hupanda mlima kwa fimbo.

Yako majaribio mawili ya kutambua. La kwanza, mgonjwa hawezi kusimama kwa ncha za vidole kwa mguu ule mmoja. Usimlazimishe, mwulize tu kama anaweza. La pili hufanywa na mganga. Mgonjwa hulala kifudifudi juu ya kitanda, nyayo zikining'inia nje. Mganga hubana kigimbi kwa mkono. Kano ikiwa nzima, unyayo husogea wenyewe. Ikiwa imekatika, unyayo hulala kimya. Mara nyingi pia kidole kikipitishwa juu ya kano husikia shimo.

Ukishuku kwamba kano imekatika, usichue. Kuchua hakuunganishi kamba iliyokatika. Usichanje kwa wembe, kwa maana unaongeza kidonda na kufungua mlango wa pepopunda. Mguu ufungwe kwa banzi huku vidole vikielekea chini kidogo, ili ncha mbili za kano zikaribiane. Mgonjwa asiukanyagie mguu. Apelekwe hospitali kwa baiskeli, pikipiki au machela. Huko daktari ataamua kama atashona au atafunga plasta. Njia zote mbili hutumika, na zote hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema.

DAWA ZINAZODHURU KANO

Iko habari ambayo wengi hawajaisikia. Baadhi ya dawa za kuua vijidudu zinaweza kudhoofisha kano. Inayojulikana sana ni siprofloksasini, ambayo watu huiita sipro. Mwaka 2008 idara ya Marekani inayosimamia dawa iliamuru dawa za jamii hiyo ziandikwe onyo kubwa juu ya kuvimba na kukatika kwa kano. Hatari ni kubwa zaidi kwa mtu aliyezidi miaka 60. Tena huongezeka kwa anayetumia pia dawa kama prednisoloni, ambayo hupewa baadhi ya wagonjwa wa pumu na wa baridi yabisi.

Hatusemi sipro ni dawa mbaya. Kwa magonjwa mengine inaokoa maisha, na wengi wanaoimeza hawapati madhara hayo. Tunasema isinunuliwe dukani kama pipi, kila tumbo linapouma. Mzee aliyeandikiwa na mganga amwambie umri wake na dawa nyingine anazotumia. Akianza kuumwa nyuma ya kisigino wakati anaimeza, aache kuimeza na arudi zahanati siku hiyohiyo apewe dawa nyingine.

KUKAA AU KUFANYA KAZI?

Hapa ndipo penye kutoelewana nyumbani. Mzee huamka asubuhi na kisigino kinauma, hatua za kwanza ni za kuchechemea, kisha jua likipanda maumivu hupungua. Watoto wake kwa upendo humwambia, "Baba, pumzika. Umefanya kazi ya kutosha." Wanamwekea kiti kivulini. Baada ya miezi michache hawezi kuinuka kwenye kiti hicho bila kushikwa mkono.

Mambo mawili huchanganywa hapa. Umri hukausha kano. Lakini kukaa bila kazi huilegeza, hata kwa kijana. Mtu akilala kitandani wiki chache tu, kano zake hupungua ukakamavu. Kano iliyolegea ni kama kamba ya mbuzi iliyo ndefu mno. Msuli huvuta, lakini mfupa huchelewa kusogea. Mzee akijikwaa, mguu hauwahi kujishika, naye huanguka. Umri hatuwezi kuuzuia. Kulegea kunazuilika.

Mwaka 2003 ilichapishwa kazi ya wachunguzi wa Uingereza waliowafanyisha wazee mazoezi ya kusukuma uzito kwa miguu, kwa wiki 14. Wengi wao walikuwa na miaka zaidi ya 70. Kabla na baada walipima kano iliyo chini ya pia ya goti. Ukakamavu wa kano hiyo uliongezeka kwa asilimia 65. Kano iliyokuwa imelegea ilirudia kuvuta kwa nguvu, hata katika umri ule.

Na kwa kano inayouma, yuko daktari wa Sweden aitwaye Håkan Alfredson. Husimuliwa kwamba yeye mwenyewe aliumwa kano ya kisigino, akaomba apasuliwe, mkubwa wake akakataa. Alfredson akaamua kuibebesha mizigo mpaka ikatike, ili wasiwe na budi kumpasua. Haikukatika. Ikapona! Mwaka 1998 yeye na wenzake waliandika habari za wakimbiaji 15 wenye maumivu ya muda mrefu, waliofanya zoezi lake kwa wiki 12. Wote 15 walirudi kukimbia.

Zoezi lenyewe halihitaji chombo chochote. Kizingiti cha mlango kinatosha, au tofali lililokaa imara. Shika mwimo wa mlango ili usianguke. Panda kwa sehemu ya mbele ya nyayo, visigino vikiwa hewani. Jiinue kwa miguu yote miwili. Kisha hamishia uzito kwenye mguu unaouma, ukishushe kisigino chake polepole, mpaka kiwe chini kidogo ya kizingiti. Usiangushe. Shusha kama unayeteremsha mtungi uliojaa. Jiinue tena kwa miguu miwili, ushushe tena. Wale wakimbiaji walishusha mara 15, wakapumzika, wakarudia mpaka mafungu 3. Walifanya hivyo wakiwa wamenyosha goti, kisha wakiwa wamelikunja kidogo. Asubuhi na jioni, kila siku.

Mzee asianze na hesabu hiyo. Aanze kwa kusimama chini, penye usawa, ameshika mwimo, akijiinua na kujishusha kwa miguu yote miwili, mara 5 au 10. Akizoea wiki mbili, aongeze. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si kitu cha kuogopa. Kipimo ni asubuhi inayofuata. Kama kisigino kinauma zaidi ya jana, apunguze hesabu kwa nusu, asiache kabisa. Kama kimevimba na kina joto, au kama hawezi kusimama kwa vidole vya mguu ule, asifanye zoezi. Aje zahanati tumbane kigimbi, tuone unyayo kama unasogea.